Kozi za Kiangazi katika Chuo cha Jamii, Texas: Namna ya Kuzichagua na Kujiandikisha

Kila mwaka ifikapo Machi, simu na ujumbe huanza kuingia, na maswali huwa yale yale. Je, ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu ya Marekani kwa wanafunzi wenye kipato kidogo, hulipia kiangazi? Anatomia inaweza kumalizwa kwa wiki tano? Chuo kikuu ninachosoma kitaipokea kozi niliyoisomea chuo cha jamii cha karibu na nyumbani? Nimewajibu watu mmoja mmoja kwa muda mrefu, wengi wao wakiwa wauguzi wasaidizi kutoka Kenya, Kongo na Tanzania wanaotaka kupanda hadi kuwa wauguzi kamili, hatimaye nikaona ni heri majibu hayo yakae mahali pamoja. Naandika kuhusu Texas kwa sababu ndiko nilikosoma na ndiko ninakojua taratibu zake. Aliye Ohio au Minnesota atafaidika na hatua zenyewe, lakini tarehe na masharti itambidi ayasome katika kalenda ya chuo chake.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Chuo cha jamii ninachokizungumzia hapa si chuo cha maendeleo ya jamii kama tunavyokijua Tanzania. Ni chuo cha umma cha eneo fulani, kinachoendeshwa kwa sehemu kwa kodi ya majengo na ardhi ya wakazi wa eneo hilo, na kinachotoa stashahada ya miaka 2 yenye takriban krediti 60 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi), vyeti vya ufundi, pamoja na kozi za mwanzo za shahada ambazo mwanafunzi huzihamishia chuo kikuu. Dallas College, Tarrant County College ya Fort Worth, Lone Star College ya upande wa Houston na Austin Community College ni mifano yake. Hakuna ushindani wa kuingia chuoni, ingawa programu kama ya uuguzi ina mchujo wake wa pekee ndani ya chuo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usifungue ukurasa wa usajili kabla ya kukusanya vitu vifuatavyo, maana mtu huweza kupoteza nafasi darasani kwa kutafuta karatasi moja tu.

- Cheti cha kumaliza sekondari au GED, yaani cheti cha mtihani unaolingana nacho, pamoja na transkripti rasmi (hati za kozi na alama zako) za vyuo ulivyowahi kusoma. Hati za Kifaransa, kwa mfano za ndugu zetu wa Kongo na Burundi, zinahitaji tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa.
- Uthibitisho wa makazi, kama vile leseni ya udereva na mkataba wa nyumba. Kwa kawaida Texas hudai miezi 12 ya ukaazi ndipo utozwe ada ya mkazi wa jimbo, na anwani iliyo ndani ya eneo la chuo hukupa ada ya chini zaidi.
- Hati zako za uhamiaji. Aliye na hadhi ya mkimbizi au aliyepewa hifadhi aje na karatasi zenyewe, si maelezo ya mdomo.
- Cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na bakteria, ikiwa una umri wa chini ya miaka 22 na utahudhuria darasani. Chanjo iwe imechomwa siku 10 au zaidi kabla ya masomo kuanza.
- Matokeo ya mtihani wa TSI, ambao nitaueleza katika hatua ya 3, au hati inayokusamehe mtihani huo.
- Fomu ya FAFSA iliyokwisha kujazwa, ikiwa unategemea msaada wa serikali kuu.
- Mpango wako wa shahada au stashahada, umechapwa kwenye karatasi, na ratiba yako ya kazi ya Juni, Julai na Agosti.

Kitu hicho cha mwisho ndicho watu wanachokisahau, na ndicho kinachoangusha wengi kuliko vyote vilivyotajwa juu yake.

Hatua zenyewe

1. Jua kozi unaichukulia nini.

Kozi ya kiangazi ina maana ikiwa inaziba pengo lililopo katika mpango wako: kozi tangulizi inayokuzuia kuomba programu, kozi uliyoanguka, au kozi ya msingi ambayo ukiimaliza sasa muhula wa vuli utakuwa mwepesi. Katika vyuo vya umma vya Texas kuna kozi za msingi zenye jumla ya krediti 42 ambazo hupokelewa na vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo, na ndani yake zimo krediti 6 za somo la serikali na 6 za historia. Hizo ndizo huwafaa wengi wakati wa kiangazi. Kuchukua kozi kwa sababu tu rafiki yako ameichukua ni njia ya kulipa ada mara mbili.

2. Soma namba ya kozi kabla ya kusoma jina lake.

Vyuo vya jamii vya Texas hutumia mfumo mmoja wa namba, na ukiuelewa hutababaika tena. Chukua BIOL 2401, ambayo ni anatomia na fiziolojia ya kwanza. Tarakimu ya kwanza, 2, inaonyesha kwamba ni kozi ya ngazi ya mwaka wa pili. Tarakimu ya pili, 4, ni idadi ya krediti. Mbili za mwisho hutambulisha kozi yenyewe. Kwa hiyo ENGL 1301 ni uandishi wa mwaka wa kwanza wenye krediti 3, MATH 1342 ni takwimu yenye krediti 3, PSYC 2301 ni saikolojia ya jumla, na GOVT 2306 ni serikali ya Texas. Kozi ya sayansi inayobeba krediti 4 karibu kila mara ina maabara ndani yake, na maabara inakula saa.

3. Omba nafasi chuoni mapema, kisha umalize suala la TSI.

Ikiwa ulisoma chuoni hapo muhula wa majira ya kuchipua, huhitaji kuomba upya, endelea na hatua ya 4. Mgeni aombe kupitia ApplyTexas, tovuti ya maombi ya vyuo vya Texas, au ukurasa wa chuo chenyewe, na afanye hivyo mwezi Machi au Aprili badala ya wiki ya mwisho ya Mei, wakati foleni ya ofisi ya udahili imefika mlangoni.

TSI ni mtihani wa kupima kama uko tayari kwa masomo ya chuo katika kusoma, kuandika na hesabu. Toleo la sasa lilianza Januari 2021. Alama ya kuvukia hesabu ni 950, na ya kusoma na kuandika ni 945 pamoja na insha yenye alama 5 au zaidi. Usiende kuufanya ukitoka zamu ya usiku. Watu waliosoma hesabu nzuri kabisa Mwanza au Kisumu huanguka kwa sababu hawajagusa milinganyo kwa miaka kumi, kisha hupangiwa kozi ya ziada ambayo wiki tatu za marudio nyumbani zingewaepusha nayo. Aliyekwisha kufaulu kozi za chuo kikuu aulize kama anasamehewa, kwa kuwa mara nyingi husamehewa.

4. Soma ratiba ya vipindi, mkondo kwa mkondo.

Kiangazi si muhula mmoja. Kwa kawaida kuna kipindi cha kwanza kinachoanza mwanzoni mwa Juni na kwisha mapema Julai, kipindi cha pili kinachochukua nafasi yake hadi katikati ya Agosti, na kipindi kirefu cha wiki 8 hadi 11 kinachovipita vyote viwili. Kozi ile ile inaweza kutolewa katika vipindi vyote vitatu, kila mkondo, yaani kila darasa la kozi hiyo lenye siku na saa zake, ukiwa na namba yake ya usajili.

Angalia pia namna ya kufundishwa. Mkondo wa ana kwa ana hukutana mara nyingi Jumatatu hadi Alhamisi, takriban saa mbili kila siku kwa kozi ya krediti 3. Mkondo mseto una siku za darasani na sehemu ya mtandaoni. Mkondo wa mtandaoni una aina mbili, ule wenye saa maalumu ya kukutana kwa video na ule usio na saa, na tofauti hiyo ni kubwa mno kwa mtu anayelala mchana. Wengi hudhani kwamba kozi isiyo na saa maalumu haina tarehe za mwisho. Inazo, tena mbili au tatu kwa wiki, na mara nyingi dirisha la kukabidhi kazi hufungwa saa 5:59 usiku.

5. Hesabu saa zako kabla ya kubonyeza chochote.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kama mngenisikiliza katika jambo moja tu, ningetaka liwe hili.

Kozi ya krediti 3 huko Texas ina takriban saa 48 za darasani. Kanuni ya kawaida ya vyuo vya Marekani ni kwamba kila saa ya darasani inahitaji saa mbili za kujisomea, kwa hiyo ongeza 96. Jumla ni saa 144. Muhula wa kawaida wa wiki 16 unazigawa saa hizo zikawa 9 kwa wiki, ukizigawa kwa wiki 10 zinakuwa 14 na kitu, na ukizigawa kwa wiki 5 zinakuwa karibu 29. Silabasi haikupungua hata sura moja. Kilichopungua ni siku.

Sasa chukua BIOL 2401. Pamoja na maabara, kozi nyingi za namna hiyo hufika saa 96 za darasani. Katika wiki 5 hizo ni saa 19 kwa wiki ukiwa chuoni tu, na ukiongeza kujisomea kwa sehemu ya mihadhara unakaribia saa 38. Hiyo ni ajira nyingine kamili. Mwenye zamu tatu za usiku za saa 12, yaani kuanzia saa 1 usiku hadi saa 1 asubuhi, ana saa 36 za kazi. Akilala saa 7 kila siku zinakuwa 49. Jumlisha 36, 49 na 38 upate 123, kisha utoe katika saa 168 za wiki nzima. Zinabaki 45, yaani saa 6 na kidogo kwa siku za barabarani, kupika, watoto, ibada na kuongea na nyumbani. Kwenye karatasi inawezekana. Kisha msimamizi anapiga simu kwamba mtu wa Jumamosi hakutokea na kuna ovataimu.

Mimi nililifanya kosa hilo. Nilichukua anatomia katika kipindi cha wiki 5 huku nikifanya zamu tatu za usiku, na wiki ya pili ulikuja mtihani wa maabara kuhusu mifupa. Meza zilipangwa kuzunguka chumba, kila meza na mfupa wake wenye kipande cha karatasi kilichobandikwa penye tundu au nundu, na kengele ikilia unasogea meza inayofuata, uwe umejibu au hujajibu. Nililijua tundu lile kubwa chini ya fuvu ambamo uti wa mgongo hupita, nilikuwa nimelishika kwa kidole changu siku mbili kabla. Nilipoliandika kwa Kilatini nikakosea herufi mbili, na tahajia ilikuwa ikihesabiwa. Nilikosea hivyo katika meza sita au saba. Sikuwa sijui; sikuwa nimelala. Nikaiacha kozi ile na kuirudia vuli kwa wiki 16, nikapata B.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: mwenye kazi ya kutwa achukue kozi moja ya krediti 3 katika kipindi cha wiki 5, au mbili katika kipindi cha wiki 10. Anatomia, mikrobiolojia na kemia zisubiri vuli, au zichukuliwe katika kipindi kirefu kabisa cha kiangazi ikiwa umepunguza zamu. Saikolojia, serikali na hotuba huvumilika katika muda mfupi, ingawa GOVT 2305 ina kusoma kwingi kwa mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu. Uandishi, ENGL 1301, ni mgumu kuliko unavyodhaniwa, kwa sababu insha inahitaji kusahihishwa, na kusahihishwa kunahitaji siku za katikati ambazo kiangazi hakina.

6. Hakikisha kozi tangulizi na uhamisho kwa maandishi.

Mfumo wa usajili utakuzuia ikiwa rekodi haionyeshi kozi tangulizi, hata kama uliisoma kwingine na kufaulu. Peleka transkripti wiki kadhaa kabla.

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayekuja kuchukua kozi moja ya kiangazi tu anapaswa kumwandikia mshauri wa masomo wa chuo chake kikuu, akitaja namba kamili ya kozi, jina la chuo cha jamii na kipindi, na kuomba jibu kwa barua pepe. Ahifadhi jibu hilo. Fahamu pia kwamba katika vyuo vikuu vingi krediti huhamishwa ilhali alama haiingii katika wastani wako, kwa hiyo kozi ya kiangazi kwingine haiwezi kuuinua wastani ulioporomoka.

Anayelenga uuguzi aulize jambo moja zaidi: programu nyingi huweka kikomo cha miaka kwa kozi za sayansi, na nyingine huhesabu mara ulizorudia kozi. Anatomia ya haraka yenye alama C inaweza kuwa na hasara kuliko kutokuwa nayo bado.

7. Panga fedha.

Mwaka wa msaada wa serikali kuu huanza Julai 1 na kwisha Juni 30, na kiangazi kiko katikati ya miaka miwili. Kila chuo huamua kama kitakihesabu kama mwisho wa mwaka unaokwisha au mwanzo wa mwaka unaoanza, na kwa sababu hiyo swali la kuuliza ofisi ya msaada wa fedha ni moja: kiangazi hiki kinatumia FAFSA ya mwaka gani? Ukijaza isiyo sahihi utasubiri fedha ambazo hazitakuja.

Tangu mwaka wa masomo 2017-2018, mwanafunzi aliyemaliza ruzuku yake ya Pell katika vuli na majira ya kuchipua anaweza kupata nyongeza ya hadi nusu ya kiwango chake cha mwaka kwa ajili ya kiangazi, mradi awe amejiandikisha kwa nusu ya mzigo kamili, ambayo katika vyuo vingi ni krediti 6. Kwa mfano, kiwango cha juu cha mwaka 2025-2026 ni dola 7,395, na nusu yake ni dola 3,697.50. Anayesoma krediti 6 hupata asilimia 50 ya nusu hiyo, yaani karibu dola 1,848, naye anayesoma krediti 3 hapati nyongeza hiyo kabisa. Ila asikurubuni mtu uchukue krediti 6 kwa ajili ya fedha tu wakati saa zako zinatosha 3. Ruzuku ya Pell ina kikomo cha maisha cha mihula 12 ya mzigo kamili, na kiangazi hukatwa humo humo.

Kuna jambo linalowashangaza wasomi wetu. Aliye na shahada ya kwanza kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Kinshasa hastahili Pell, kwa kuwa ruzuku hiyo ni ya wasio na shahada ya kwanza, na shahada ya nje inahesabiwa. Usiifiche kwenye fomu.

8. Jiandikishe na ulipe siku hiyo hiyo.

Ingia kwenye akaunti siku dirisha linapofunguliwa, ukiwa na namba za mikondo mitatu: unaoutaka na miwili ya akiba. Ukishajiandikisha, lipa, au jiunge na mpango wa malipo kwa awamu, au hakikisha msaada wako unaonekana kwenye akaunti. Vyuo huwaondoa darasani wasiolipa ifikapo tarehe ya mwisho, bila kupiga simu, na nafasi yako huchukuliwa na aliye kwenye orodha ya kusubiri. Piga picha ya skrini inayoonyesha usajili na malipo.

9. Anza kabla ya siku ya kwanza.

Katika kipindi cha wiki 5, wiki moja ni sawa na wiki tatu za muhula wa kawaida. Kwa hiyo pata kitabu mapema, fungua silabasi mara tu inapopandishwa kwenye mfumo wa masomo, na uhamishe kila tarehe ya mtihani kwenye karatasi ya ratiba ya kazi. Omba ubadilishiwe zamu sasa, si usiku wa kuamkia mtihani. Jaribu kompyuta yako na kamera, kwa kuwa mitihani mingi ya mtandaoni hutumia programu inayofunga kila kitu kingine kwenye skrini, na programu hiyo mara nyingi haifanyi kazi kwenye simu. Kumbuka kwamba chuo hufungwa Juni 19 na Julai 4, na maktaba za vyuo vingi hazifunguliwi Ijumaa za kiangazi.

10. Amua kabla ya siku ya hesabu.

Kila kipindi kina siku rasmi ambayo chuo huhesabu wanafunzi. Katika muhula wa wiki 16 ni siku ya 12 ya masomo. Katika kipindi cha wiki 5 ni siku ya 4. Ukiiacha kozi kabla ya siku hiyo, haitaonekana kwenye transkripti. Ukiiacha baadaye, utapata herufi W, yaani alama ya kwamba ulijitoa.

Fedha zina hesabu yake tofauti. Utaratibu wa kawaida wa Texas kwa vipindi vifupi vya kiangazi ni kurudishiwa asilimia 100 ukiacha kabla ya siku ya kwanza ya masomo, 70 ndani ya siku 5 za kwanza, 25 siku ya 6 na ya 7, kisha hakuna. Anayesema "ngoja nihudhurie siku moja nione" anailipia siku hiyo asilimia 30 ya ada.

Makosa yanayojirudia

Kosa kubwa kuliko yote ni kuacha kuhudhuria bila kujitoa rasmi. Kutokuonekana darasani hakukutoi kwenye orodha. Mwisho wa kipindi utakuta F, na huenda chuo kikadai sehemu ya msaada uliokwisha kulipwa. Jitoe kwenye mfumo, kisha uthibitishe kwamba umetoka.

La pili ni kudhani kwamba W haina madhara. Haigusi wastani wa alama, ni kweli, lakini kozi hiyo huhesabiwa kuwa umeijaribu, na vyuo vingi hutaka uwe umefaulu asilimia 67 ya krediti ulizojaribu na uwe na wastani wa 2.0 ili uendelee kupata msaada. Zaidi ya hapo, sheria ya Texas inayowahusu walioanza chuo vuli ya 2007 na baadaye hairuhusu kuacha zaidi ya kozi 6 katika masomo yako yote ya shahada ya kwanza. Zipo sababu zinazosamehewa, zikiwemo ugonjwa, msiba, na mabadiliko ya ratiba ya kazi yaliyo nje ya uwezo wako. Peleka barua ya mwajiri. Hiyo ya tatu watu wengi hawaijui, nao ndio wanaoihitaji.

La tatu linawahusu wenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kimataifa. Kiangazi mara nyingi ni likizo yako baada ya mwaka kamili wa masomo, na unaweza kusoma kozi moja au kutosoma. Lakini anayeanza programu yake kiangazi hicho hicho anatakiwa kuwa na mzigo kamili. Usiamue kwa maneno ya rafiki. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kwanza, na ulipe baadaye.

Mambo yakikwama

*Mfumo unasema una kizuizi cha akaunti.* Bonyeza usome ni cha nini. Mara nyingi ni cheti cha chanjo, transkripti ambayo haijafika, deni dogo la faini, au TSI. Kila kizuizi kina ofisi yake, na ofisi isiyohusika haiwezi kukiondoa hata ukibembeleza.

*Umetozwa ada ya mtu wa nje ya jimbo.* Peleka uthibitisho wa makazi kabla ya siku ya hesabu. Baada ya siku hiyo, mabadiliko kwa kawaida huanza muhula unaofuata. Waliohama kutoka Kentucky au Arizona miezi michache iliyopita wawe tayari kulipa zaidi kwa sasa, au wachukue kozi moja tu hadi miezi 12 itimie.

*Mkondo umejaa.* Jiandikishe kwenye orodha ya kusubiri na ukague barua pepe ya chuo, si ile yako ya kawaida, asubuhi na jioni. Nafasi nyingi huachwa siku inayofuata tarehe ya mwisho ya malipo, na ukiarifiwa huenda ukapewa siku moja tu ya kuichukua.

*Mkondo umefutwa wiki moja kabla.* Hutokea kiangazi wakati wanafunzi ni wachache. Ndiyo sababu nilikuambia uwe na namba mbili za akiba. Utarudishiwa ada yako yote, ila ikiwa ulitegemea krediti 6 kwa ajili ya Pell, jaza pengo hilo haraka na umjulishe mtu wa msaada wa fedha siku hiyo hiyo.

*Fedha za msaada hazijaingia na kitabu kinahitajika Jumatatu.* Uliza duka la vitabu la chuo kama unaweza kukichukua kwa kukatwa kwenye msaada unaosubiriwa, kisha uliza maktaba kama inayo nakala ya kusomea ndani. Toleo la nyuma la kitabu hutosha kwa kozi nyingi za serikali na saikolojia. Kwa takwimu halifai, kwa kuwa namba za maswali ya mazoezi hubadilika na utakabidhi kazi ambayo hukupewa.

*Umeanguka mtihani wa kwanza.* Fungua silabasi uone mtihani huo una uzito gani, kisha uhesabu alama unazohitaji katika iliyobaki ili upate C. Nenda kwa mwalimu saa zake za ofisi na karatasi hiyo mkononi, umuulize kama hesabu yako iko sawa. Ikiwa unahitaji alama 95 katika kila kilichosalia, angalia tarehe ya mwisho ya kujitoa: katika kipindi cha wiki 5 inaweza kuwa wiki ile ile, nawe bado hujapata usingizi wa kutosha kulifikiria jambo hilo.